Aliyepoteza kwao hubakiwa na majina

Wahenga wetu wa pwani, watu waliokulia juu ya maji, walituachia methali isemayo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa msomaji ambaye hakupata kuabiri jahazi, tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni ile sehemu ya chini, ndani ya tumbo la chombo, ambamo maji yanayovuja hukusanyika na ambamo baharia hana budi kurejea ili ayateke. Maana yake ni kwamba mtu hata atangetange vipi ulimwenguni, hatima yake ni kurudi kwao.

Methali hiyo nimeifundisha darasani kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeitungia maswali ya insha, nimeisahihisha katika mamia ya madaftari, na kila mara nimeifafanua kwa namna ile ile. Lakini kwa muda mrefu sikuwahi kujiuliza jambo moja: je, ngama ikiwa haipo tena? Baharia arejee wapi iwapo chombo kimezama? Na binadamu arejee wapi iwapo kijiji chake kimechomwa, kisima kimefukiwa, na jina la mahali penyewe halionekani tena kwenye ramani?

Swali hilo ndilo moyo wa ushairi wa wahamaji na wakimbizi, ushairi ambao leo napenda tuutazame kwa pamoja, mpenzi msomaji, hasa wewe mwalimu mwenzangu na wewe mwanafunzi unayejiandaa kwa mtihani wa fasihi. Sikulipata swali hili kitabuni. Nilifunzwa na mwanafunzi wangu mwenyewe, na somo lile sikulielewa hadi yeye alipokuwa amekwisha kwenda zake.

Ilikuwa mwaka 1998. Nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya upili kaskazini magharibi mwa Kenya, si mbali na kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea hasa vijana waliokimbia vita vya kusini mwa Sudan. Wengi wa vijana hao walikuwa wametoka kwao mwaka 1987 wakiwa watoto wadogo, wakatembea hadi Ethiopia, wakafukuzwa huko na vita vingine mwaka 1991, wakarudi Sudan, kisha wakavuka mpaka na kuingia Kenya. Mmoja wao alikuwa katika kidato cha pili darasani mwangu. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kujikongoja lakini mwenye sikio zuri la ushairi.

Niliwapa zoezi la kutunga shairi la tarbia juu ya mada "Nyumbani". Wengi waliandika yale yaandikwayo siku zote: mama, ng'ombe, mvua, chakula cha jioni. Kijana yule aliandika beti tano. Vina vyake vilikuwa safi, kibwagizo kilikuwa kizuri, na mishororo yote ilikuwa na mizani 16 kama nilivyoagiza, isipokuwa mmoja. Katika ubeti wa tatu, mshororo wa pili ulikuwa na mizani 18. Ndani yake mlikuwa na neno moja refu nisilolijua. Nilichukua kalamu nyekundu, nikalikata, nikaandika pembeni: "Neno lisiloeleweka. Mizani imezidi."

Nilipomrudishia daftari, alisimama pale mezani pangu bila kuondoka. Nikamuuliza neno lile lilikuwa la lugha gani. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Si neno, Mwalimu. Ni kwetu."

Nami, kwa uhakika wa mtu anayejua kazi yake, nikamwambia, "Basi andika 'kijijini'. Silabi nne. Mizani itatosha." Akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Akafuta, akaandika kijijini. Shairi likapata alama nzuri. Nikaendelea na daftari lililofuata.

Nimekuwa nikisoma mashairi ya wahamaji kwa miaka mingi tangu siku hiyo, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kutambua nilichokifanya. Kwani jambo la kwanza linalojitokeza katika mashairi hayo, yawe ya karne ya nane au ya jana, ni hili: mtu aliyepoteza kwao hubakiwa na majina. Ardhi haibebeki. Nyumba haibebeki. Kaburi la babu halibebeki. Jina hubebeka. Halina uzito, halitozwi ushuru mpakani, wala askari hawezi kulikuta akikupekua mifukoni.

Hebu tuanze mbali kidogo. Mwaka 750 utawala wa Bani Umayya uliokuwa na makao yake Damascus uliangushwa na Bani Abbas, na jamaa wa ukoo ulioshindwa wakawindwa na kuuawa. Kijana mmoja wa ukoo huo, Abd al-Rahman, mjukuu wa Khalifa Hisham, alinusurika. Wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia jinsi alivyoogelea kuvuka mto Furati na jinsi ndugu yake mdogo alivyokamatwa na kuuawa naye akitazama. Alitangatanga Afrika ya Kaskazini kwa miaka kadhaa, akavuka bahari hadi Uhispania mwaka 755, na mwaka uliofuata akautwaa mji wa Cordoba na kuanzisha dola iliyodumu kwa karne nyingi.

Mtu huyu hakukosa kitu. Alikuwa na enzi, mali na majeshi. Hata hivyo alipojenga kasri nje ya Cordoba, aliliita Rusafa, jina la kasri la babu yake kule Shamu. Na kati ya beti chache zinazonasibishwa naye, zilizo maarufu zaidi ni zile anazousemesha mtende mmoja uliokuwa peke yake katika ardhi isiyokuwa ya mitende, akiuona kama mgeni mwenzake. Mfalme asiye na wa kumweleza huzuni yake anaueleza mti! Tutafakari hapo. Iwapo aliyeupata ufalme hakuweza kujizuia kuliita jina la kwao, seuze kijana wa kidato cha pili aliyepata godoro na kadi ya chakula?

Sasa na tusogee karibu zaidi na wakati wetu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, maelfu ya watu wa Lebanon na Shamu walihamia bara la Marekani kutafuta riziki. Miongoni mwao walitoka washairi ambao Waarabu huwaita washairi wa Mahjar, yaani wa ughaibuni. Mwaka 1920 baadhi yao waliunda chama chao cha waandishi mjini New York. Tuwatazame watatu tu. Khalil Gibran, ambaye wasomaji wengi wanakijua kitabu chake kiitwacho The Prophet cha mwaka 1923, alikufa New York mwaka 1931, na mwili wake ukarejeshwa kuzikwa Bsharri, mji wake wa kuzaliwa. Mikhail Naimy alirudi akiwa hai mwaka 1932, akaishi miaka mingi na kuendelea kuandika huko huko kwao. Iliya Abu Madi hakurudi kuishi kwao. Alikufa New York mwaka 1957.

Mmoja alirudi maiti, mmoja alirudi mzima, mmoja hakurudi. Hatima zote tatu za mhamaji zimo katika chama kimoja cha waandishi. Walakini wote watatu waliendelea kuandika kwa Kiarabu, hata Gibran aliyeandika pia kwa Kiingereza. Kwa hivyo lugha yenyewe ilikuwa ngama yao. Waliirejea kila siku walipoketi kuandika, hata kama meli ya kurudi Beirut haikung'oa nanga.

Lakini watu hao angalau walijua kwamba kwao kupo. Je, yule ambaye kwao hakupo? Hapa ndipo tunapokutana na Mahmoud Darwish, mshairi mkubwa wa Palestina. Alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji cha al-Birwa, karibu na mji wa Akka. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 7, jamaa zake walikimbilia Lebanon kwa sababu ya vita. Waliporudi kwa siri baada ya takriban mwaka mmoja, kijiji hakikuwepo. Kilikuwa kimebomolewa, kama vilivyobomolewa au kuachwa mahame zaidi ya vijiji 400 vya Wapalestina wakati huo. Kwa kuwa hawakuwepo wakati wa kuhesabiwa, sheria ya dola mpya ya Israeli iliwataja kwa jina la ajabu: watu waliopo wasiokuwepo. Wanapumua, wanakula, wanakwenda shule, lakini kwa mujibu wa karatasi hawapo.

Mwalimu mwenzangu, ukitaka kuwaeleza wanafunzi wako maana ya utambulisho katika fasihi, usianze na fasili ya kamusi. Anza na mtoto huyo. Alipokuwa mtu mzima, Darwish alitunga shairi maarufu juu ya kitambulisho, lililomo katika diwani yake ya mwaka 1964, ambamo msemaji anamkabili afisa anayeandika maelezo yake na kumtajia yeye mwenyewe ni nani. Tazama jinsi mambo yalivyopinduliwa: aliyenyimwa kuwepo anamwamuru mwenye kalamu aandike! Kuanzia mwaka 1970 mshairi huyu aliishi Moscow, Cairo, Beirut, Tunis na Paris, kabla ya kurudi kuishi Ramallah katika miaka ya 1990. Alifariki mwaka 2008 huko Houston, Marekani, akazikwa Ramallah, si al-Birwa. Miaka miwili kabla ya kifo chake alikuwa amechapisha kitabu ambacho jina lake lazungumzia kuwepo kwa kutokuwepo. Neno la karani lililokusudiwa kumfuta, yeye aliligeuza kuwa kazi ya fasihi.

Na alipotaka kusema amepoteza nini, aghalabu hakusema "nchi". Alisema mkate, kahawa, mzeituni, kisima, farasi aliyeachwa peke yake nyumbani. Hili ni somo la pili la ushairi wa wahamaji, nalo ni la manufaa makubwa kwa mwanafunzi anayetunga. Nchi nzima haiingii moyoni. Kinachoingia ni harufu ya kitu kimoja. Mshairi asemaye "nakumbuka nchi yangu tukufu" hajatuonyesha kitu. Mshairi atajaye kata iliyokuwa na mpini uliopasuka, iliyokuwa ikitundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, ametupeleka mpaka ndani.

Pengine msomaji atasema: haya ni mambo ya Waarabu, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Jamaa zetu Wamijikenda, kabila tisa kwa idadi, husimulia kwamba walitoka mahali paitwapo Shungwaya, kaskazini mwa mto Tana, kwenye pwani ya kusini mwa nchi iitwayo Somalia leo. Wanahistoria wamebishana kwa miaka mingi juu ya mahali hapo: palikuwa wapi hasa, waliotoka huko walikuwa wangapi, na kama safari ilikuwa moja au nyingi. Mabishano hayo ni halali na waachiwe wenyewe. Ninachotaka kukiangalia mimi ni kwamba hakuna mtu aliye hai, wala babu wa babu yake, aliyepata kuiona Shungwaya. Hata hivyo jina hilo limo katika masimulizi, na wazee wa makaya husimulia juu ya fingo, yaani kago la ulinzi, lililobebwa kutoka huko na kuzikwa katika kaya. Misitu hiyo ya makaya iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Jina lililobebwa kwa karne nyingi limepanda misitu.

Kwa hivyo, je, mtu aweza kutamani mahali asipopaona? Naam, aweza. Kumbukumbu si ya aliyeona peke yake. Hurithiwa kama shamba linavyorithiwa, na mrithi ana haki nayo sawasawa na aliyeipanda. Kijana wangu wa mwaka 1998 alikuwa ametolewa kwao akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Pengine alichokikumbuka kwa macho yake kilikuwa kidogo sana. Lakini jina alikuwa nalo. Alilipewa na waliomtangulia njiani, naye alilileta mpaka kwenye daftari langu.

Mfano wa pili wa kwetu ni utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate. Huu si utenzi wa uhamaji. Ni mawaidha ambayo mshairi anaupa moyo wake mwenyewe juu ya udanganyifu wa dunia. Lakini anapotaka kuuonyesha moyo huo kwamba dunia hupita, anauchukua na kuutembeza ndani ya majumba ya Pate yaliyokuwa na fahari, ambayo sasa yamebaki magofu yenye popo na ndege. Hasemi tu kwamba mji umekufa. Anataja taa, anataja zidaka, anataja vyombo, anataja waliokuwa wakipita kwa maringo. Waarabu wa kale kabla ya Uislamu walikuwa na desturi ya kuanza mashairi yao kwa kusimama penye mabaki ya kambi iliyohamwa na kulia. Mshairi wetu wa Pate naye anasimama penye mabaki, ila yake ni ya mawe na chokaa.

Mfano wa tatu ni wa mtu wa zama zetu. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi chake cha mwaka 1968 kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Gerezani aliandika mashairi juu ya karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri, na mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kitabu kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Alipotoka kifungoni mwaka 1972 alikwenda Dar es Salaam, kisha London, kisha Leipzig huko Ujerumani, akaishi ughaibuni kwa miongo kadhaa.

Wanafunzi hulalamika kwamba Sauti ya Dhiki ni kitabu kigumu kwa sababu kimeandikwa kwa lahaja ya Kimvita. Walimu wengine huomba "kisanifishwe". Ninawaelewa, kwa maana nami nimehangaika na msamiati huo ubaoni. Lakini fikiria mtu aliye katika chumba cha upweke gerezani, mbali na mji wake, asiyeruhusiwa hata kalamu. Anaandika kwa Kiswahili cha mama yake na cha vichochoro alikolelewa. Kila neno la Kimvita ni hatua moja ndani ya Mji wa Kale. Ukilisanifisha, umemrudisha chumbani na kufunga mlango.

Baada ya kusema hayo yote, ni wajibu wangu nionye, kwa sababu hamu ya kwao si asali tupu. Ina sumu mbili.

Sumu ya kwanza ni uongo. Muda ukipita, kumbukumbu hung'arisha. Kijiji kilichokuwa na njaa kinakuwa bustani, baba aliyekuwa mkali anakuwa malaika, na vita vilivyomtoa mtu vinasahaulika. Mshairi mwema hakubali. Warsan Shire, aliyezaliwa Kenya mwaka 1988 kwa wazazi Wasomali na kulelewa Uingereza, akateuliwa mwaka 2013 kuwa mshairi kijana wa kwanza wa jiji la London, ana shairi juu ya nyumbani lililosambaa duniani kote mwaka 2015 wakati wakimbizi walipokuwa wakifa maji katika Bahari ya Kati. Shairi hilo halipambi nyumbani. Linawaeleza wenye kuwalaumu wakimbizi kwamba watu hawaondoki kwao kwa kupenda. Nyumbani penyewe hugeuka kuwa kitu cha kukimbiwa. Kwa hivyo kupenda kwenu na kusema ukweli juu ya kwenu si mambo mawili yanayopingana.

Sumu ya pili ni hatari zaidi, na sisi Wakenya tumeionja. Neno "kwetu" likiachiwa hovyo huzaa swali "kwenu ni wapi?" Swali hilo laweza kuwa la ukarimu, mgeni akiulizwa aliko huku akimiminiwa chai. Lakini mwaka 1992, na tena mwaka 1997, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, liliulizwa vizuizini barabarani, na jibu lilimgharimu mtu roho. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za mwaka 2007 na 2008, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Wanubi wa Kibera, ambao babu zao waliletwa kutoka Sudan kama askari zaidi ya miaka mia moja iliyopita na ambao ndio waliopaita mahali pale Kibra, yaani msituni, wameulizwa swali hilo vizazi na vizazi. Hamu ya kwao inayomtaka jirani asiwe na kwao si ushairi tena. Kipimo changu ni hiki: shairi la kweli la kupotelewa humfanya msomaji ahisi upotevu wa mwenziwe; shairi la uongo humfanya atafute wa kumlipiza.

Narudi sasa darasani, maana huko ndiko nilikokosea na huko ndiko ninakotaka wenzangu wasikosee. Najua wapo watakaosema kwamba mwalimu wa Kiswahili ana silabasi ya kumaliza, kwamba mtihani hauulizi machozi bali unauliza bahari, vina, mizani na tamathali, na kwamba tukiruhusu kila mwanafunzi atie neno la kwao mahali popote, arudhi itavunjika na shairi litakuwa gumzo. Hoja hizo ni nzito wala sizipuuzi. Mimi mwenyewe ni mfuasi wa mizani mpaka leo. Mizani ndiyo iliyomwezesha mtunzi gerezani kuyahifadhi mashairi yake kichwani kabla hajapata karatasi, na ndiyo iliyozihifadhi tenzi za kale kabla hazijachapishwa. Kumbukumbu inaihitaji arudhi kama maji yanavyohitaji mtungi.

Lakini arudhi yetu haikuwa ya kikatili kama nilivyoitumia mimi. Washairi wa kale waliacha milango ya kupitia. Ipo inkisari, ya kulifupisha neno. Ipo mazida, ya kulirefusha. Ipo tabdila, ya kubadili herufi bila kuvunja mizani. Ipo ruhusa ya kupangua sarufi, na ipo ruhusa ya kutumia lahaja na maneno ya kale. Yote haya twayafundisha chini ya kichwa "uhuru wa mshairi", tukiwaagiza wanafunzi wayakariri na kutoa mifano miwili miwili. Mshororo wa kijana yule ulizidi kwa mizani 2 tu. Mlikuwa na maneno mengine matano ndani yake. Ningeketi naye dakika kumi, tungefupisha "nyumbani kwetu" ikawa "kwetu", tungeondoa silabi 3 na kurudisha 1, na jina la kijiji chake lingekaa mahali pake likiwa zima. Kati ya maneno yote ya mshororo ule, nilichagua kulikata lile moja ambalo halikuwa na badala.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu jambo dogo. Unapokutana na neno usilolijua katika utungo wa mwanafunzi, uliza kabla ya kukata. Katika madarasa yetu ya leo wamo watoto waliozaliwa Dadaab na Kakuma, wamo wajukuu wa waliofukuzwa mashambani, wamo watoto wa waliohamishwa na mafuriko au ukame. Wengi hawatakueleza, maana mtoto wa mhamaji hujifunza mapema kujibu "Ndiyo, Mwalimu". Neno la ajabu katika daftari lake huenda ndiyo njia yake pekee ya kukueleza.

Nawe mwanafunzi mpenzi, usiogope kuliandika jina la mahali pako. Lihesabu silabi zake, ulitafutie nafasi, uyalazimishe maneno mengine yasogee. Kama mwalimu wako atalikata, mwambie kwa adabu kwamba hilo si neno la kupambia, kisha mwonyeshe ulichokipunguza mahali pengine. Na waliokutangulia nyumbani kwenu, waulize majina ya visima, ya vilima, ya miti mikubwa, ukayaandike leo. Wasubiri nini? Wazee hawadumu.

Mwaka 2001 kijana yule alipelekwa Marekani pamoja na maelfu ya wenziwe waliopokewa huko. Nilipata habari zake mara moja tu, kwamba alikuwa akifanya kazi na kusoma usiku. Kisha mawasiliano yakakatika. Mwaka 2011 Sudan Kusini ilipopata uhuru, nilikaa mbele ya televisheni nikitazama bendera ikipandishwa, nikajiuliza kama naye alikuwa akitazama. Mwaka 2013 vita vilipozuka tena huko, nilifungua ramani nitafute kijiji chake, nijue kama kilikuwa upande wa mapigano.

Ndipo nilipotambua kwamba sikuwa na cha kutafuta. Daftari halikuwa kwangu, na jina lile sikulikumbuka. Lilikuwa na silabi sita. Hilo ndilo pekee ninalolijua, kwa sababu nililihesabu.